Damu ya mjamzito isisubiri kesho

MEI 2006 serikali ilitangaza kuwa akina mama wanaojifungua na watoto walio chini ya miaka mitano watahudumiwa bure katika vituo vya afya na hospitali za umma. Matunda yameonekana. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulikadiria vifo 500 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2016-2017 ulikadiria 334.

Hata hivyo, vifo hivyo bado ni vingi mno, na lipo tatizo moja linaloonyesha kwamba kufuta malipo peke yake hakutoshi. Ni pale kondo la nyuma linapojishikiza chini ya mji wa mimba na kuziba njia ya mtoto. Hutokea katika takriban mimba 1 kati ya 200, hasa kwa waliozaa mara nyingi, waliovuka miaka 35 na waliowahi kuzaa kwa upasuaji.

Hatari hii huja kimya. Mama mwenye mimba ya miezi saba au minane huona damu nyekundu bila kusikia maumivu. Kwa kuwa haumwi, hujilaza kidogo, damu hukatika, naye hurudi shambani. Ikirudi mara ya pili yaweza kumuua kabla hajafika hospitali. Mtoto naye huweza kuzaliwa kabla ya wakati, akiwa na uzito mdogo, upungufu wa damu na mapafu yasiyokomaa.

Kipimo cha ultrasaundi hugundua tatizo hili mapema. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kondo likionekana chini, kipimo hurudiwa, kwani mara nyingi hupanda lenyewe. Lisipopanda na kubaki limeziba njia, mama hupangiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza.

Mkazi wa mjini Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ana hospitali karibu. Mama wa vilima vya Muyinga, kuelekea mpaka wa Tanzania, anahitaji kwanza gari la wagonjwa, tena lenye mafuta, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni hauchagui gari. Kabezi ilishatuonyesha njia: Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipotoa huko magari na matibabu ya dharura ya uzazi bila malipo, ilikadiriwa kuwa mwaka 2011 vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 74.

Tunaiomba Wizara ya Afya ifikishe kipimo hicho karibu na vilima, na magari ya wagonjwa yapewe mafuta kabla ya gari la mkubwa yeyote. Wakunga wakumbuke kuwa mjamzito anayetoka damu hapimwi kwa kidole, maana hilo laweza kuizidisha. Wananchi nao wajitokeze kuchangia damu, kwani daktari hawezi kuitengeneza.

Nanyi akina baba, mkeo akiona damu, hata tone, hata kama haumwi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huduma ya bure haimfai aliyefia njiani.