Mzigo wa mwalimu uhesabiwe kwa madaftari

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo hunijia kila nivukapo feri ya Likoni jioni, nikamwona mwalimu aliyepakata furushi la madaftari, akisahihisha kwa kalamu nyekundu huku akisukumwa na umati. Wapita njia humwona mtu mwenye bidii. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa lugha, humwona mtu aliyeelemewa.

Kazi ya mwalimu aghalabu hupimwa kwa vipindi vilivyomo katika ratiba. Kipimo hicho kinapotosha. Hebu tupige hesabu. Insha moja, ikisomwa kwa makini na kuandikiwa maoni, huhitaji dakika 5 hivi. Darasa la wanafunzi 60 ni saa 5. Mwenye mikondo mitatu ana saa 15, na hata moja haimo katika ratiba. Mwenzake mwenye vipindi vivyo hivyo, lakini wanafunzi 25 kwa darasa, anamaliza kwa saa 6 na robo. Katika karatasi, wawili hawa wana kazi sawa!

Hali hii ina historia. Mwaka 1998 serikali ilisitisha kuongeza walimu, ikawa inajaza tu nafasi za walioondoka. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Januari 2023 Gredi ya 7 ikabaki katika majengo ya shule za msingi, na wengi wa waliopelekwa kuifundisha walikuwa wanagenzi.

Matokeo yake ni utamaduni. Katika shule ya umma yenye msongamano, iwe Likoni au Changamwe, mwalimu huanza kwa kuahirisha insha. Kisha hutoa maswali ya kuchagua jibu, kwa kuwa hayo husahihishwa upesi. Mwishowe insha huandikwa mara moja kwa muhula, na anayeitoa kila wiki huulizwa na wenzake anajipendekeza kwa nani.

Wapo wanaodai kuwa akademia za binafsi hufaulu kwa sababu walimu wake hawana uvivu. Sikubaliani nao. Mmoja wa niliowafunza, aliye katika akademia huko Kisauni, ana darasa dogo. Hata hivyo, alfajiri yumo ndani ya basi la shule akikusanya watoto, adhuhuri anasimamia chakula, na Jumamosi yuko kazini. Hana mkataba wa maandishi. Madaftari yake husahihishwa yote, ila kwa hofu ya mzazi anayelipa karo. Alama 12 hugeuka 16. Huyu naye ana mzigo, ingawa ni wa namna nyingine.

Anayeumia ni mwanafunzi. Hupokea chuoni vijana wanaotaja ngeli zote bila kukosea, lakini hawawezi kujenga aya mbili zenye hoja moja. Ilhali karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni insha tupu! Kuandika hakufundishwi kwa kukariri. Mtoto huandika, akasahihishwa, akaandika tena. Asiyesahihishwa hubaki na makosa yake akidhani ni lugha.

Nini kifanywe? Kwanza, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) igawe walimu wa lugha kwa idadi ya wanafunzi, si ya vipindi pekee. Pili, wamiliki wa shule za binafsi waandike katika mkataba kila kazi wanayomtaka mwalimu afanye, na muda wake. Tatu, walimu wenyewe wasingoje. Darasa la 60 laweza kuandika kila wiki mbili, mwalimu akisahihisha jambo moja tu, mathalani mpangilio wa aya, baada ya wanafunzi kusomeana rasimu zao.

Nanyi wanafunzi, daftari lirudipo na wino mwekundu, msinune. Kuna mtu aliyeacha usingizi wake humo. Na wanaopanga ratiba maofisini, siku moja walibebe furushi hilo hadi ng'ambo ya pili, waone kama ni usufi.