Acheni Kuhesabu Beringi

"Ina beringi ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu anayekwenda kununua rili. Muuzaji akijibu kumi na moja, mteja anaingiza mkono mfukoni. Akijibu tano, rili inarudishwa rafuni hata haijazungushwa. Nimelisikia Mwanza kwa wavuvi wa sangara, nikalisikia tena Mombasa kwa wavuvi wa kolekole, na nimechoka kulinyamazia. Imani kwamba beringi nyingi ndiyo rili bora inawapotezea watu fedha, na baharini inawaharibia rili yenyewe.

Nazungumzia rili bapa, ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo spuli yake huzunguka chambo kinaporushwa na mvuvi huizuia kwa kidole gumba. Ifungueni muone. Spuli imeshikwa na beringi mbili, moja kila upande. Baadhi ya rili huongeza ya tatu kwenye gia ndogo ya pinioni. Hizo ndizo zenye kazi chambo kikiwa hewani. Zilizobaki je? Mara nyingi nne zimo ndani ya vishikio vya mkono wa kuzungushia, mbili kila kishikio. Nyingine iko kwenye mhimili wa gia kubwa, nyingine kwenye skrubu inayoupanga mshipi. Na ile "+1" iliyoandikwa kwenye boksi ni ya roli, iliyowekwa ili mkono usizunguke kinyumenyume. Rili ya beringi tano na ya kumi na moja zinaweza kabisa kurusha umbali uleule, maana zile sita za ziada hazigusi spuli.

Kinachokipeleka chambo mbali ni wepesi wa spuli, unene wa mshipi, uzito wa chambo chenyewe, breki zilivyorekebishwa, na kidole kilichozoea. Mwaka 1952 kampuni ya Abu ya Sweden ilitoa rili ya Ambassadeur 5000. Spuli yake ilizunguka kwenye bushi, yaani pete tupu zisizo na gololi. Beringi zilikuja baadaye, katika toleo lililoongezewa herufi C. Watu waliivulia ile ya bushi miaka na miaka. Leo tunaambiwa kwamba bila beringi kumi hakuna uvuvi!

Sasa tushuke baharini, maana huko ndiko imani hii inakouma. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chuma kisichoshika kutu kinalindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, na chumvi ndiyo hasa inayoutoboa utando huo, kidogo kidogo, mpaka vishimo vionekane. Vifuniko vyembamba vya pembeni mwa beringi huzuia mchanga, lakini maji hupenya. Kwa hiyo kila beringi unayoiongeza ni chumba kingine cha chumvi kulala, na ni sehemu nyingine utakayopaswa kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta. Beringi za spuli zina shida zaidi: ukizijaza grisi zinakingwa vizuri lakini spuli inakuwa nzito, ukitia mafuta mepesi unarusha mbali, ila kinga inapungua.

Niliwahi kununua rili ya beringi kumi na moja, nikaivulia kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa. Niliiosha kila nilipotoka majini. Haikupita miezi mitatu, vishikio vikaanza kukwaruza kama vimejaa mchanga. Beringi zote nne zilikuwa zimeshika kutu. Nilizing'oa, nikaweka bushi za plastiki, na mpaka leo naitumia hivyo.

Nakubali, kwa anayerusha na kuvuta siku nzima ziwani, beringi za vishikio hulainisha mkono. Anayevulia maji baridi tu na akazipenda, azinunue. Nisichokubali ni kuzifanya kipimo cha rili, hasa rili inayouzwa kwa maneno "bahari na maji baridi".

Rili ya namna hiyo ipimwe kwa mengine. Fremu yake ni ya nini? Magnesi ni nyepesi na inapendeza ziwani, lakini rangi yake ikichubuka, chumvi huila haraka. Gia ni za shaba? Visahani vya dragi, ile breki inayomwachia samaki mshipi kwa kiasi, ni vya kaboni au vya kitambaa kinachovimba kikilowa? Na spuli inabeba mshipi kiasi gani? Nyingi za rili bapa hubeba kama mita 100 za nailoni ya paundi 12. Kolekole mkubwa akishika njia ya mwambani anaweza kuzimaliza zote, na hapo hakuna beringi itakayokusaidia.

Halafu kuna kuosha. Kaza dragi kwanza, uimwagie rili maji baridi polepole, kisha ulegeze dragi ikauke. Usiipige rili kwa bomba lenye nguvu. Unaisukuma chumvi ndani.

Siku hizi nikifika dukani namwomba muuzaji anifungulie kifuniko cha pembeni. Natazama kama kinafunguka kwa vidole, naitoa spuli, naipima uzito kiganjani, naiangalia skrubu inayoupanga mshipi. Muuzaji asiyekubali kuifungua, rili yake naiacha palepale juu ya meza.