Muuguzi Bingwa Afundwe Wodini

Muuguzi kijana aliyemaliza shahada na mwaka wake wa utarajali, akipata nafasi ya kurudi darasani, mara nyingi huchagua afya ya jamii, utawala wa hospitali au usimamizi wa miradi. Simlaumu. Amekwisha kuona kwamba waliosoma zaidi wana ofisi, wanaitwa kwenye semina na hawaingii zamu ya usiku. Mfumo wetu umemwonyesha waziwazi kuwa kupanda cheo ni kuondoka wodini, naye ameelewa. Matokeo yake, mgonjwa aliye hoi kuliko wote ndiye anayeachiwa muuguzi mgeni kuliko wote.

Vyuo vya kumsomesha zaidi vipo. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, na nyingine ya ukunga. Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina stashahada za juu za uuguzi wa mahututi, wa figo, wa chumba cha upasuaji na nyinginezo. Mjadala uliobaki ni huu: muuguzi mpya aanze lini masomo ya kitabibu ya juu, na ayasomee wapi? Maoni yangu ni kwamba aanze mapema, mara amalizapo utarajali, na sehemu kubwa ya masomo hayo aifanyie wodini, akiwa kazini.

Tuchukue mama mwenye kifafa cha mimba anayefikishwa kituo cha afya saa nane ya usiku. Mwongozo unajulikana: magnesiamu salfeti gramu 4 mshipani, polepole, kisha gramu 10 msulini, 5 kila upande wa makalio, halafu gramu 5 kila baada ya saa nne. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, muuguzi ahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, agonge goti aone kama mguu unaitikia, aangalie mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti iwe karibu endapo dawa itazidi. Kijana aliyefaulu mtihani wa leseni anaweza kukutajia haya yote bila kusita. Kinachomshinda ni kuyafanya huku mama akitupa mikono, mshipa haupatikani, ndugu wanalia mlangoni, gari la wagonjwa limekwenda na rufaa nyingine, na kitanda cha pili kuna mama anayesukuma. Aanze na nini? Amwache nani kwa dakika tatu? Hilo hujifunzwa pembeni ya mtu anayelijua, tena si mara moja.

Tanzania ina ushahidi wake katika jambo hili, na inashangaza jinsi tunavyoutaja kwa nadra. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa baada ya siku ile walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini chumba cha kujifungulia kilibaki vilevile: huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Hospitali ikabadili njia. Mafunzo yakawa mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua. Wazo hilo baadaye lilikuzwa na kupelekwa kwenye hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa vya mazoezi na vya kufuatilia uzazi. Matokeo yalitoka 2025, baada ya kufuatilia takriban akina mama 300,000: vifo vya watoto wachanga siku ya kwanza vilishuka kwa karibu asilimia 40.

Nikisoma matokeo hayo, naona yanamhusu moja kwa moja yule anayeandaa mtaala wa uzamili. Kama siku moja ya ukumbini haikubadili mikono ya wakunga waliokwisha kuwa na uzoefu, mihula minne ya mihadhara na tasnifu itambadilishaje kijana wa miaka 25 ambaye hajawahi kusimamia zamu?

Pingamizi ninayoisikia zaidi, hasa kwa wauguzi wakongwe, ni kwamba ubingwa hauna haraka. Kijana afanye kazi kwanza miaka miwili au mitatu, apevuke. Naiheshimu hoja hii, maana wanaoitoa wameona vijana wenye vyeti vingi wakiganda mbele ya mgonjwa anayekata roho. Patricia Benner, aliyeandika mwaka 1984 juu ya safari ya muuguzi kutoka uanagenzi hadi umahiri, naye aliweka uzito mkubwa kwenye uzoefu. Lakini uzoefu wa nani, chini ya nani? Kijana anayeachwa peke yake na wagonjwa 40 hapevuki kwa sababu tu kalenda imesonga. Anajifunza njia za mkato: kujaza chati ya presha kwa makisio, kuruka hesabu ya matone ya dripu, kutomwita daktari mpaka hali iwe mbaya kabisa kwa sababu mara ya mwisho alipomwita alikaripiwa. Ikifika miaka mitatu, mazoea hayo yamekomaa, na kuyang'oa ni kazi ngumu kuliko kumfundisha upya. Miaka ya mwanzo ndiyo ya kumshika mkono. Marekani hospitali nyingi zina mwaka mzima wa ulezi kwa muuguzi mpya. Australia wengi huanza na mwaka wa mpito kisha husomea cheti cha uzamili, kwa mfano cha wagonjwa mahututi, huku wakiendelea na ajira katika wodi ileile.

Kuhusu gharama ya kuchelewa kuandaa mabingwa, Kenya ilipata funzo chungu. Mradi wa vifaa vya hospitali ulioanza 2015 ulizipelekea hospitali za kaunti mashine za kusafishia damu, za upasuaji na za vyumba vya mahututi, kwa mabilioni ya shilingi. Seneti ilipochunguza mradi huo, moja ya kasoro zilizoandikwa ni mashine kukaa bila kazi kwa sababu, miongoni mwa mengine, hapakuwa na wataalamu wa kuzitumia. Mashine ya kupumulia haimhudumii mgonjwa. Anayekaa naye saa 12, akisikiliza kifua, akinyonya makohozi kwenye mrija na kumgeuza asipate vidonda, ni muuguzi.

Hata hivyo, tusiwauzie watu elimu kana kwamba ni dawa ya upungufu wa watumishi. Utafiti mkubwa wa nchi tisa za Ulaya, uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2014, ulikuta kwamba wauguzi wenye shahada wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapungua kwa asilimia 7. Utafiti huohuo ulikuta kwamba kumwongezea muuguzi mgonjwa mmoja kunaupandisha uwezekano huo kwa asilimia 7. Serikali inayosomesha bila kuajiri itakuwa inajaza upande mmoja na kumwaga upande wa pili.

Wapo wanaohofia kwamba muuguzi bingwa atapanda ndege. Ataweza, ndiyo, Kenya yenyewe ilitia saini makubaliano ya wauguzi na Uingereza mwaka 2021. Ila wanaondoka hata wasio mabingwa, na kuwanyima elimu hakujawahi kumzuia yeyote.

Kinachonisumbua zaidi ni wale wenye cheti na stashahada. Ndio wengi wodini, hasa vituo vya pembezoni, na mwaka wa utarajali hauwahusu: leo wamehitimu, kesho wako zamu. Mpango wowote wa masomo ya juu unaoanzia kwa wenye shahada peke yao utawapita pembeni wanaopokea watoto wengi wa nchi hii. Nao wawekewe mwaka wa ulezi, na sehemu ya mwaka huo ihesabiwe watakapojiendeleza, wasirudishwe mwanzo kana kwamba hawakuwahi kushika sindano.

Mwaka huo wa ulezi hautakuwepo bila muuguzi mlezi, na mlezi hawezi kulea akiwa amebeba idadi ileile ya wagonjwa kama wenzake. Apunguziwe mzigo, alipwe posho ya kazi hiyo, na saini yake kwenye daftari la ujuzi iwe na uzito sawa na alama za mtihani wa chuo. Hospitali za rufaa za mikoa zinafaa kuwa vituo vya mafunzo haya, kwa sababu wagonjwa wapo na vyuo vingi haviko mbali.

Baada ya hapo inabaki barua ya kupangiwa kazi. Daktari akisomea upasuaji, anarudi kupasua. Muuguzi aliyesomea wagonjwa mahututi anaweza kurudi akapangiwa dirisha la kliniki, kwa sababu orodha ya zamu ilikuwa na pengo pale, na mshahara wake usisogee. Muundo wa utumishi umtambue kwa ubingwa wake na kumpa daraja la kupanda akiwa bado anahudumia wagonjwa. Na mfawidhi anayetaka kumtoa katika wodi aliyoisomea aandike sababu, aitie saini, nakala iende kwa mkurugenzi wa hospitali.