Mlango Uliofungwa kwa Hasira

Ndugu msomaji, hapana shaka umewahi kusimama mbele ya mlango uliofungwa kwa hasira. Huenda ndani yake alikuwamo mwanao. Huenda mwenzi wako wa ndoa aliyekwisha kaa siku tatu bila kutamka neno. Mlango wa namna hiyo una tabia moja: kadiri unavyoupiga teke, ndivyo aliyemo ndani anavyouegemea kwa nguvu zaidi.

Mimi mlango wangu niliukuta Mtinko, mkoani Singida. Kwa miaka miwili, kutoka katika mshahara wangu wa mjini, nilikuwa nikimpelekea mdogo wangu fedha za kununulia mabati ya nyumba ya mama yetu. Nilipokwenda likizo niliikuta nyumba ile ile ya tembe, paa lake la udongo likivuja kama zamani. Nilianza kufoka tangu uani, nikamwita mwizi mbele ya mkewe na watoto wake. Aliingia ndani, akatia komeo, akaapa kwamba atakayeuvunja mlango atakutana na panga. Watoto wakalia, majirani wakajaa. Vijana wawili wakaleta gogo la kuvunjia mlango, nami, nakiri kwa aibu, niliwaruhusu.

Aliyetuzuia ni baba yetu mdogo. Aliwataka vijana waweke gogo chini, akawatawanya watazamaji, akaniamuru mimi nikakae mbali chini ya mti. Kisha akaomba kigoda, akaketi kando ya mlango, wala si mbele yake, akanyamaza kwa muda mrefu. Aliponena hakutaja fedha wala panga.

"Mwanangu," alisema, "mimi nipo hapa, wala sina haraka. Naona umeumia sana kuitwa mwizi mbele ya watoto wako."

Kimya kilipita. Kisha sauti ikatoka ndani: "Baba, hata hakuniuliza."

"Hakukuuliza," mzee akarudia. "Angekuuliza, ungemwambia nini?"

Hapo ndipo maneno yalipoanza kumtoka. Fedha zilikwenda katika shamba la alizeti, kwa mbegu na kukodi trekta, akitumaini kwamba mavuno yangenunua mabati na ziada ikabaki. Mvua ikakatika, alizeti ikakauka. Tangu siku hiyo aliogopa kunieleza, kwa sababu kila nilipopiga simu nilitoa amri, kisha nikakata. Jua lilipokuwa likitua alitoka, panga akaliacha ndani. Mzee hakumlazimisha aombe radhi mbele ya watu. Alimwomba mkwewe atenge chakula, tukanawa mikono pamoja. Habari za fedha tulizungumza asubuhi iliyofuata, nasi tukakubaliana alipe kidogo kidogo kila mavuno. Deni lilibaki palepale; kilichoondoka ni aibu.

Ndugu msomaji, mzee yule hakusomea upatanishi katika chuo chochote. Hata hivyo, alichokifanya ndicho wanachofundishwa leo polisi wanaozungumza na watu walioteka wenzao. Katika michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, wajumbe 11 wa timu ya Israeli walipoteza maisha katika tukio la utekaji lililoishia kwa risasi. Msiba ule uliwazindua wengi. Mwaka 1973 polisi wa New York, wakiongozwa na Frank Bolz na Harvey Schlossberg, aliyekuwa askari na pia mtaalamu wa saikolojia, walianza kuwafundisha wapelelezi kwamba muda na mazungumzo huokoa watu wengi kuliko bunduki.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu. Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa nyara. Ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, hata ikatua Stansted, Uingereza. Watekaji walidai Rais Nyerere ajiuzulu. Askari waliizingira ndege, lakini hawakuivamia. Walizungumza na watekaji saa baada ya saa, mpaka wakajisalimisha. Dai lao halikutimizwa, na abiria walitoka wakiwa hai. Kumsikiliza mtu, basi, si kumkubalia anachokitaka.

Je, elimu hii inatufaa nini sisi tunaorudi jioni tumechoka, tukipigania nafasi katika daladala na kukuta nyumbani mambo kumi yanatungoja?

Kwanza, inatufundisha kuupa muda nafasi yake. Hasira kali haikai siku nzima ikiwa haichochewi. Ugomvi ulioanza saa nne za usiku si lazima umalizike saa nne na nusu.

Pili, yarudie maneno ya mwenzako kabla ya kutoa yako. Mkeo akisema, "Mzigo wa nyumba hii naubeba peke yangu," usikimbilie kuhesabu unga ulionunua. Mwambie, "Unaona nimekuachia mzigo." Kisha nyamaza usikilize. Huenda utagundua kwamba hakuwa akizungumzia unga hata kidogo.

Tatu, chunga swali la "kwa nini". Mtoto akiulizwa kwa nini amefeli, husikia mashtaka, naye hutafuta uongo wa kujikinga. Muulize, "Somo lilikuwa gumu wapi?" naye atatafuta jibu.

Nne, mwachie mtu njia ya kutoka na heshima yake. Msimamizi anayemkaripia mfanyakazi mbele ya wenzake humfungia mlango. Amwitaye pembeni humfungulia. Wala usiahidi usichoweza kutimiza, kwani ahadi ya uongo hufungua mlango mara moja tu.

Lakini tusidanganyane. Yako mambo ambayo hayamalizwi na kigoda mlangoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke mumewe. Anayepigwa asiambiwe akasikilize vizuri zaidi. Aende mahali salama na afike polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Kwa mifarakano mingine ya ndoa, sheria hiyo hiyo inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, wanandoa wafike kwanza mbele ya baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Nalo baraza hilo haliwezi kupatanisha watu wasiokubali kusikilizana.

Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Nilichojifunza mimi Mtinko ni kwamba kabla ya utamu wa maneno hutangulia sikio. Ikiwa yuko ndugu ambaye kila unapompigia simu humpa maagizo tu, mpigie leo, umuulize habari zake, kisha usikate mpaka amalize kujibu.