UZI: Chati ya osmosisi ukutani ni pambo, na pambo linaumiza watoto

1/8
Juzi niliweka hapa picha ya chati ya osmosisi, aina ile ninayokutana nayo ukutani huku kwetu, Musoma, Butiama mpaka Bunda. Nikasema ni mbovu. Nikajibiwa: "Sista, hayo waachie walimu wa baiolojia, wewe shika sindano." Haya. Kaeni tuongee.

2/8
Mnaijua. Maduara matatu ya seli nyekundu ya damu: moja limesinyaa, moja zima, moja limepasuka. Chini yameandikwa haipatoniki, aisotoniki, haipotoniki. Basi! Chumvi haijachorwa, si ndani wala nje. Sasa mwanafunzi atajuaje kuwa majina hayo ni ya maji yanayoizunguka seli, si ya seli yenyewe? Anakariri. Na majina mawili yanatofautiana herufi moja tu. Kwenye mtihani atabahatisha. Wodini unambahatishia nani?

3/8
Duara la katikati halina mshale hata mmoja, kana kwamba maji yamesimama. Hayajasimama, yanaingia na kutoka kwa kiasi kilekile. Seli ya mmea ndiyo kichekesho: imechorwa inapasuka kwenye maji matupu kama puto. Kwani ukuta wake una kazi gani? Inajaa, inakaza, haipasuki. Ndiyo maana mchicha ulionyauka ukiulowesha unasimama. Kwenye chumvi kali utando wa ndani ndio unaojivuta, ukuta unabaki. Na hizi picha za akili mnemba zinazozunguka WhatsApp ndiyo usiseme: rangi nzuri hatari, mishale imegeuzwa.

4/8
"Ni picha tu, inarahisisha." Jamani. Mama mmoja alituletea mtoto anayeharisha, katokea upande wa Bunda. Pakiti ya ORS ya lita moja alikuwa anaikorogea kwenye chupa ya soda, ya mililita 350. Mtoto analia kiu, anapewa tena. Nikamuuliza nani kamwelekeza. Ni mhudumu, alimwambia "koroga kwenye chupa." Mama hana kosa, alifanya alichoambiwa. Huyo mhudumu ana cheti, na yale maduara matatu nina hakika anayachora amefumba macho.

5/8
Tupige hesabu. Pakiti ina gramu 20.5 za chumvi na glukosi. Kwenye lita moja inatoa miliosmoli 245. Damu yetu iko karibu na 290. Iweke kwenye mililita 350: inakuwa 700. Hapo maji yanatoka mwilini kwenda utumboni. Mtoto anakunywa dawa huku anazidi kukauka. Mwaka 2002 WHO na UNICEF walishusha ORS kutoka 311 hadi 245, ili kuharisha na kutapika kupungue. Tofauti ya 66 tu ilitosha kubadilisha pakiti ya dunia nzima. Sisi tunacheza na 700.

6/8
Njoo kwenye dripu. Ya chumvi, gramu 9 kwa lita, inakaribiana na damu. Ya glukosi, gramu 50 kwa lita, nayo inakaribiana, ikiwa bado mfukoni. Ikishaingia mwilini, sukari inatumika, yanabaki maji matupu. Mpe mtoto nyingi, seli zinavimba, za ubongo zikiwemo. Ile chati inaziweka zote mbili kwenye duara la katikati kama mapacha, halafu inanyamaza.

7/8
Kipimo changu ni hiki. Funika maandishi yote kwa kiganja. Muulize mtoto wa kidato cha pili: maji yanaenda wapi, na kwa nini? Akijibu kwa kuhesabu vidoti vya chumvi ndani na nje, mchoro unafaa. Akikutolea macho, bandua.
Huna chati nzuri, mwalimu? Kata kiazi mviringo vipande viwili. Kimoja kwenye maji ya ziwa, kingine kwenye maji ya chumvi kali. Baada ya vipindi viwili kimoja kimekaza, kingine kinapinda. Wachore walichokishika kwa mikono yao. Nani huku ziwani hajui kayabo? Sangara anapigwa chumvi mpaka anatoa maji, na wanaomtengeneza hawakungoja chati.

8/8
Walimu na wakufunzi, sisemi hamfanyi kazi. Nasema mnachokibandika ukutani leo, kesho nakutana nacho wodini. Wauguzi wenzangu, msiseme "chupa". Semeni lita moja, mshikisheni mama chupa yenyewe, arudie kwa mdomo wake.
Masahihisho nayapokea sasa hivi. Matusi, ngojeni nitoke zamu.