Kamisheni Ni Malipo ya Kusema Ukweli Mapema



Leo tuongelee watu wanaouza bima ya farasi. Najua umeshaanza kucheka. Wewe unauza vitenge, viatu vya mtumba, mafuta ya nazi, sasa farasi wameingiaje hapa? Tulia, soma mpaka mwisho. Kama unauza bidhaa ya mtu mwingine na unaishi kwa cha juu au kwa asilimia, hawa ni mawinga wenzako. Sisi tunasimama Kariakoo na kwenye stetasi za WhatsApp, wao wanasimama mazizini. Kazi ni ile ile.

Kule Marekani farasi wengi siku hizi si wa kubeba mizigo. Ni wa mbio, wa kuruka viunzi, wa kuzalisha, na wengine wa kupanda tu siku za mapumziko. Farasi mzuri wa mashindano anaweza kuuzwa bei ya gari jipya, na wapo wanaofika bei ya nyumba. Mali ya namna hiyo ikifa usiku mmoja kwa tumbo kusokota, mwenyewe anabaki na hasara ya miaka. Ndiyo maana kuna bima ya farasi, na kuna mawakala wa kuiuza. Wakala wa kamisheni hana mshahara: akiuza anakula, asipouza hana kitu. Na hawezi kuamka tu asubuhi akaanza kuuza, lazima awe na leseni ya jimbo analouzia.

Sasa tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu.

Bima ya kifo cha farasi mara nyingi inacheza kwenye asilimia 3 au 4 ya thamani yake kwa mwaka, ikitegemea umri, aina na kazi anayofanya. Tuseme farasi ana thamani ya dola 20,000 na bima yake ni asilimia 3.5. Mwenye farasi atalipa dola 700 kwa mwaka. Tuseme kamisheni ya wakala ni asilimia 10 ya hizo 700. Anabaki na dola 70. Sabini tu, kwa mwaka mzima! Na hapo ameshaendesha gari mpaka shambani, amejaza fomu, amefuatilia cheti cha daktari wa mifugo. Tena mteja akivunja bima katikati ya mwaka na kurudishiwa sehemu ya pesa yake, na wakala kwa kawaida anarudisha sehemu ya kamisheni yake.

Sasa anaishije? Anaishi kwa sababu bima hii hukatwa kila mwaka. Mteja akiridhika, mwakani anakata tena, na wakala anapata zile 70 kwa kazi ndogo zaidi. Mteja huyo ana farasi wa pili. Ana rafiki anayetumia zizi lile lile. Rafiki naye ana ndugu. Watu wa farasi wanajuana kama watu wa soko moja wanavyojuana. Jina lako likisifiwa kwenye zizi moja, mazizi matano yamesikia. Likiharibika, ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo mauzo ya kwanza ni kama kupanda mbegu, na chakula kiko kwenye mauzo ya pili, ya tatu na ya tano. Ndiyo maana nasema, na hapa najua wengine mtanipinga: kamisheni hatulipwi kwa kusifia bidhaa, tunalipwa kwa kumwambia mteja ubaya wake kabla hajatoa pesa. Sifa za bidhaa mteja anaziona mwenyewe kwenye picha. Ubaya ndio anakuhitaji wewe umwambie.

Angalia wakala mzuri wa bima ya farasi anavyoongea na mteja. Anamwambia: ugonjwa ambao farasi wako alikuwa nao kabla ya bima, kampuni hailipi. Akiugua tumbo mwaka huu, mwakani wanaweza kuliondoa tumbo kwenye bima yake. Bima ya kifo haimaanishi wanalipa matibabu, matibabu ni kipengele kingine na kina bei yake. Farasi akiugua, piga simu kwenye kampuni mara moja, usisubiri kesho. Na hata akiwa hali mbaya, usimruhusu daktari amchome sindano ya kumpumzisha kabla kampuni haijakubali, isipokuwa ile dharura ambayo daktari mwenyewe anathibitisha kwamba kumwacha ni kumtesa. Ukikosea hapo, unaweza kupoteza farasi na malipo kwa siku moja.

Fikiria mteja anayeambiwa haya kabla ya kusaini, kisha fikiria yule anayeyasikia mara ya kwanza saa nane za usiku, farasi yuko chini anagaragara. Bima ni moja, bei ni moja. Tofauti ni wakala tu.

Hili si la Marekani peke yake. Hapo jirani Kenya, kaunti ya Marsabit, mwaka 2010 ilianzishwa bima ya mifugo kwa wafugaji. Bima ile ilipima ukijani wa malisho kwa setilaiti. Malisho yakikauka kupita kiwango, mfugaji analipwa. Lakini ng'ombe akifa kwa ugonjwa wakati majani yapo, halipwi, kwa sababu bima ilikuwa ya ukame na si ya kila kifo. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyetumwa kuiuza kijijini kwa kamisheni. Ukisema "hii ni bima ya ng'ombe" ukanyamaza hapo, umeuza haraka. Lakini siku ng'ombe wa mzee wa watu akifa na asilipwe, utapita njia gani kurudi kijiji kile?

Sasa nikupe yangu, maana mimi pia nimefanya.

Kuna kipindi nilikuwa nauza friji za mtumba za duka moja. Sikuwa na mtaji, nilikuwa na simu na bando tu. Napiga picha, naweka stetasi, mteja akinunua napata 30,000 yangu. Mama mmoja wa mtaani kwetu, anauza samaki na juisi za barafu, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni nzima?" Nikamjibu, "Mama, hii ni chuma, haina shida." Nilikuwa najua kabisa kwamba lile duka halitoi hata siku moja ya garantii. Pia nilikuwa nimesikia mashine yake ikiunguruma vibaya siku nilipoipiga picha. Sikusema. Nilijipa moyo kwamba mimi si fundi, na friji si yangu.

Siku ya tisa friji ikazima usiku. Asubuhi yule mama alinitumia picha ya samaki walioharibika, na chini yake neno moja: "Ulijua?"

Hakunitukana. Hakuja na mgambo. Aliuliza hilo tu, na sikuwa na jibu. Duka wakasema mali ikishatoka haiwahusu. Nikampelekea ile 30,000 yangu, haikufika hata nusu ya samaki. Alipokea, akasema asante, na tangu siku ile hajanunua kitu kwangu. Wala majirani zake. Kikundi chao cha kinamama kilikuwa na watu kama ishirini hivi, na kila mmoja siku moja angehitaji friji, feni au jiko. Nilijiona nimeuza friji moja kwa 30,000, kumbe kwa bei ile ile niliuza na wateja ishirini.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye biashara yetu, anayeumbuka wa kwanza si mwenye duka. Ni wewe winga, kwa sababu namba aliyonayo mteja ni yako.

Kuna jambo lingine kwenye kamisheni ambalo halisemwi sana. Kamisheni ya asilimia inakuvuta upandishe. Wakala wa farasi akimwandikia farasi wa dola 20,000 thamani ya dola 40,000, kamisheni yake imezidi maradufu kwa kalamu moja. Lakini amefanya nini? Amemfanya farasi awe na faida zaidi akiwa mfu kuliko akiwa hai. Msidhani natia chumvi. Mwaka 1991 huko Florida alikamatwa mtu anayeitwa Tommy Burns, jina la utani Sandman. Kazi yake ilikuwa kulipwa na wenye farasi awaulie wanyama wao ili wao wachukue pesa za bima. Alikuwa anawaua kwa umeme, kwa sababu kifo kile kilifanana na kifo cha tumbo. Mwaka 1994 waendesha mashtaka huko Chicago wakatangaza mashtaka dhidi ya watu 23, wakiwemo watu wakubwa wa mashindano ya farasi.

Wakala anayekubali thamani ya uongo ili kamisheni ipande anafungua mlango wa mambo kama hayo. Kwetu sisi inakuja kwa sura nyingine. Dada anaanza biashara ya mitumba, ana mtaji wa belo moja, wewe unamshawishi achukue matatu akope na kikoba, kwa sababu belo tatu ni kamisheni tatu. Mwezi wa pili mzigo umemlalia, kikoba kinamdai, na wewe umeshamsahau. Ulimuuzia, sawa. Lakini umeua mteja ambaye angechukua belo moja kila mwezi kwa miaka.

Sasa najua mtakachosema. "Ukisema ubaya wa bidhaa mteja anakimbia, na mwenzako asiyesema anauza." Sitawadanganya, ni kweli, wengine watakimbia. Kodi inakuja tarehe ile ile na mtoto anataka ada. Nimepoteza oda kwa kusema ukweli, na siku nyingine iliniuma. Lakini angalia wanaokimbia ni akina nani. Wengi ni wale ambao bidhaa ile haikuwafaa, wangerudi na lawama, wangetaka pesa yao, wangekuanika kwenye magrupu. Anayebaki baada ya kusikia ubaya amenunua akijua. Huyo hata kitu kikiharibika, anakupigia kwa heshima, kwa sababu ulimwambia.

Na kama bidhaa ni mbovu kiasi kwamba ukisema ukweli hakuna hata mmoja anayenunua, basi tatizo si ukweli wako. Acha hiyo bidhaa, tafuta nyingine.

Mambo ya kufanya kuanzia wiki hii:

1. Chukua kila bidhaa ya mtu unayoiuza, andika kwenye daftari mambo matatu mabaya kuhusu hiyo bidhaa. Ukikosa hata moja, hujaijua bado. Rudi kwa mwenye mali ukamuulize.

2. Muulize mwenye mali kabla ya kupost: kikiharibika nani anabeba? Siku ngapi? Nauli ya kurudisha ni ya nani? Jibu liwe kwa meseji, si kwa mdomo.

3. Mweleze mteja ubaya kwa maandishi kabla hajalipa. "Rangi inachuja kidogo kwenye maji ya kwanza." "Hii haina garantii." Mstari mmoja unatosha, na siku ya ugomvi utakutetea.

4. Usile kamisheni siku hiyo hiyo. Iache wiki moja au mbili mpaka uhakikishe mteja ametulia. Kumbuka wakala wa farasi, kuna siku inarudishwa.

5. Hesabu wateja waliorudi, si likes. Mwisho wa mwezi jiulize: wangapi wamenunua mara ya pili? Hiyo ndiyo biashara yako.

6. Ukivutiwa na kuuza bima kwa kamisheni hapa kwetu, iwe ya pikipiki, ya afya au ya mifugo, usianze kwa kupost tu. Tanzania uwakala wa bima unasajiliwa chini ya TIRA, Kenya chini ya IRA. Pata usajili kwanza. Ukichukua pesa ya mtu ya bima bila leseni, umejitafutia kesi.

Yule mama wa samaki bado namuona mtaani. Tunasalimiana vizuri, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu." Friji amenunua kwa mtu mwingine. Mwaka jana nilimsikia akimwelekeza jirani yake kwa huyo muuzaji, akasema, "Nenda kwa yule kijana, yeye anakwambia mpaka kasoro."

Sifa ile ingekuwa yangu. Niliiuza kwa 30,000.

Wewe unauza bidhaa ya nani sasa hivi, na kasoro yake ni ipi ambayo hujaisema? Anza na hiyo leo.