Msiwatishe Wazazi

Mwandishi aliyewaonya wazazi kwamba vidonge vya watoto wenye ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) ni mlango wa kokeini amechanganya ugonjwa na tiba. Ni kweli watoto hawa huangukia sigara, pombe na dawa za kulevya kuliko wenzao. Lakini hatari hiyo inamkabili hata mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja: ana papara, hawezi kungoja, anafeli, anafukuzwa shule, anapokelewa kijiweni.

Hoja kwamba vidonge huleta uraibu si mpya. Nadine Lambert wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliitoa miaka ya 1990, na ilistahili kuchunguzwa. Ikachunguzwa. Mwaka 2013 Kathryn Humphreys na wenzake walijumlisha tafiti 15 zenye washiriki zaidi ya 2,500: waliopewa dawa utotoni hawakuwa waraibu zaidi ya wasiopewa. Wala hawakuwa waraibu kidogo kuliko wao, na hilo nalisema wazi kwa sababu wapo wanaozinadi dawa hizi kama kinga. Hata hivyo, huko Sweden, utafiti wa 2014 uliohusu watu zaidi ya 38,000 ulikuta kiwango cha uraibu kikiwa chini kwa asilimia 31 miongoni mwa waliotumia dawa hizo.

Ndiyo, vidonge hivi huibwa na kuuzwa, mzazi avifungie. Lakini kumtia hofu mama ambaye mwanawe amechapwa darasa baada ya darasa kwa “utukutu”, hadi aogope kliniki, ni kumdhulumu mtoto. Mzazi, mpeleke mwanao kwa daktari, na uulizie ushauri nasaha pia.